Kitambi na vijiwe vya nyongo: vinakutana wapi?

Aliyewahi kuchinja kuku anakijua kifuko cha nyongo, kile cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho unaonywa usikipasue maana nyama itakuwa chungu. Binadamu naye anacho, chini ya mbavu za kulia. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, kifuko huweka akiba ya mililita 30 hadi 50, na ukila chakula cha mafuta hujikamua na kuimwagia utumboni ili mafuta yasagike.

Vijiwe vya nyongo ni chembe ngumu zinazojijenga humo. Kimoja chaweza kuwa kama punje ya mchanga, kingine kikazidi korosho iliyobanguliwa. Havitokani na mchele usiochaguliwa vizuri. Si mawe ya figo pia, kwa hiyo kunywa maji mengi hakuvitoi.

Kwa watu wanene, vingi huwa ni lehemu iliyoganda, yaani kolesteroli. Aliyepita kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi ataelewa upesi. Maji ya bahari yakiwa mengi huoni chumvi, lakini yakitulia shambani na kukolea, chumvi inaanza kujitenga. Nyongo nayo iko hivyo. Lehemu ikizidi kiasi ambacho nyongo inaweza kuyeyusha, na kifuko kikawa kizito kujikamua, punje zinaanza.

Kitambi kinaingia hapo. Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili. Yapo ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole. Na yapo ya ndani kabisa, kama yale meupe yaliyotanda juu ya utumbo wa mbuzi mfano wa wavu. Haya ya ndani ndiyo yenye kesi, kwa sababu damu inayotoka huko huenda moja kwa moja kwenye ini ikiwa imebeba asidi za mafuta. Ini likielemewa, insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na lehemu nyingi zaidi humwagwa kwenye nyongo. Kifuko nacho hulegea. Ndiyo maana mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini tumbo limetangulia anaweza kuwa hatarini kuliko mwenzake mwenye uzito uleule uliokaa nyongani na mapajani.

Kwa hiyo futi ya fundi cherehani inakueleza jambo ambalo mizani haikuelezi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hatari za kiafya za kitambi huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Najua msimu wa korosho ukienda vizuri, kitambi Mtwara kinapokewa kwa pongezi. Naomba tupongezane kwa nyumba na ada za watoto zilizolipwa.

Ila usikimbilie kujinyima chakula. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki nako huleta vijiwe: mafuta yanayoyeyuka hupeleka lehemu kwenye nyongo, na kifuko kisichopata chakula hakijikamui. Punguza polepole, kula kwa saa zake, tembea. Korosho zenyewe usizilaumu. Utafiti uliofuatilia wauguzi wanawake wa Marekani, uliochapishwa 2004, uliona kwamba waliokula karanga na jamii za korosho mara kwa mara waliondolewa kifuko cha nyongo kwa uchache zaidi kuliko waliozila kwa nadra.

Wembamba nao hawajasalimika. Mwenye selimundu anaweza kupata vijiwe vya aina nyingine, vinavyotokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika. Wanawake hupata zaidi ya wanaume, na ujauzito huongeza uwezekano.

Wengi wana vijiwe na hawajui, kwa kuwa haviumi. Kikiziba njia, maumivu hushika juu ya tumbo upande wa kulia au chini ya chembe ya moyo, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, yakapanda hadi bega la kulia, yakadumu nusu saa au masaa. Watu huyaita vidonda vya tumbo na kumeza dawa miezi mingi, kumbe ultrasaundi ya tumbo ingeonyesha. Yakija pamoja na homa ya kutetemeka, au macho yakawa ya njano, usisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.