Je, wajua kwa nini samaki mwindaji anaweza kukonda katika tangi lililojaa chakula?

Katika tangi la samaki wa mapambo lenye mchanganyiko wa aina, mtu hutarajia kwamba mwindaji ndiye atakayekula wa kwanza, na wengine wataokota makombo. Kwa samaki mmoja wa Ziwa Tanganyika mambo huwa kinyume kabisa: chakula kinapomwagwa, samaki wapole hukirukia, na mwindaji mwenye meno hubaki mlangoni mwa ufa wake, akikikagua kipande cha nyama ya kamba kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia saini, mpaka kinanyakuliwa mbele ya pua yake.

Samaki mwenyewe ni Altolamprologus calvus, ambaye hapa nitamwita kalvusi. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, alielezwa kisayansi mwaka 1978, na jina lake la Kilatini lina maana ya mwenye upara, kwa sababu paji lake la uso halina magamba. Hupatikana upande wa kusini-magharibi wa ziwa, Zambia na Kongo. Ndugu yake wa karibu, Altolamprologus compressiceps, aliyeelezwa mapema zaidi, mwaka 1898, ameenea sehemu nyingi za ziwa hilo, upande wa Tanzania na Burundi ukiwemo. Wote wawili huishi kwenye miamba, hula hasa kamba wadogo na vifaranga vya samaki wengine, na wana mwili uliobanwa ubavuni kiasi kwamba ukiwatazama kutoka mbele huoni samaki, unaona mstari wenye macho mawili.

Swali la kwa nini samaki kama huyu hukonda nililijibu vibaya kwa karibu mwaka mzima, na makosa yangu yote yalizaliwa na neno moja: woga. Niliamini kwamba kalvusi wangu alikuwa anaogopa, basi nikapunguza mwanga, nikaongeza mawe, nikajenga mapango mapya ili ajisikie yuko salama. Alijisikia salama sana, kwa sababu baada ya hapo hakutoka kabisa. Kisha nikadhani kwamba chakula hakimtoshi, nikaongeza kiasi. Wenzake wakanenepa, maji yakachafuka, na yeye akabaki vilevile. Kisha nikadhani ana minyoo, nikampa dawa ambayo pengine hakuihitaji. Na katika muda wote huo nilijifariji kwa kauli inayorudiwa na wafugaji wengi, kwamba samaki mzima hawezi kufa njaa mbele ya chakula. Kauli hiyo ni kweli kwa samaki aliye peke yake. Katika tangi la mchanganyiko, chakula hakikai mbele ya mtu.

Kosa lililo chini ya makosa hayo yote ni kudhani kwamba mwindaji lazima awe mwepesi na mlafi. Tunaposikia neno hilo tunamfikiria simba au papa, ilhali neno linaeleza kile kinacholiwa tu, halisemi kitu juu ya kasi ya kukila. Mwaga mabaki ya wali uani uone: kuku watafika kabla hujageuka, na paka, ambaye ndiye mwindaji halisi wa nyumba hiyo, atakuwa bado ameketi kando ya tundu la panya, hajatikisa hata mkia. Hakuna anayemwita paka huyo mwoga. Kalvusi anafanya kazi ileile, isipokuwa tundu lake limo chini ya maji, na sisi tunaomtazama kupitia kioo tunauita utulivu wake aibu.

Hapa sina budi kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa woga wa kweli nao upo. Samaki aliyeletwa jana, au anayeonewa na mwenzake, hujificha kweli. Tofauti huonekana mtu akitazama kwa subira: mwoga hukunja mapezi na kurudi nyuma chakula kinaposhuka, lakini mwindaji hujitokeza, hukifuata chakula kwa macho, husogea kuelekea kilipo, na hushindwa tu kwa sababu hatua yake ya mwisho ni ndefu mno.

Kwa nini basi hatua hiyo iwe ndefu? Jibu limo katika namna anavyotumia mdomo. Kalvusi hutegemea sana kunyonya, kama walivyo samaki wengi wa ukoo wake. Hufungua mdomo ghafla, taya husogea mbele kama mrija mfupi, mashavu na koo hutanuka, na maji yaliyo mbele ya mdomo huingia ndani yakiwa yamembeba kamba. Tendo lote huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini kunyonya kuna udhaifu mmoja mkubwa, ambao mtu anaweza kuujua bila kulowesha mkono. Washa mshumaa, uupulize kutoka umbali wa urefu wa mkono, nao utazimika. Sasa jaribu kuuzima kutoka umbali uleule kwa kuvuta pumzi ndani. Utavuta mpaka kifua kianze kuuma, na mwali hautatikisika. Feni nayo inatuonyesha jambo hilohilo: ukikaa mbele yake unapata upepo hata ukiwa mwisho wa chumba, ukikaa nyuma yake hupati karibu chochote, ingawa hewa inayotoka mbele ndiyo ileile inayoingia kwa nyuma.

Sababu ni kwamba kinachopulizwa hutoka katika mkondo mmoja ulionyooka, na kinachonyonywa huja kutoka pande zote kwa pamoja, kwa hiyo nguvu hugawanyika mara moja. Kwa hesabu rahisi, umbali kutoka mdomoni ukiongezeka mara 2, kasi ya maji yanayovutwa hushuka mpaka robo. Kwa samaki anayenyonya, eneo lenye faida huishia takriban umbali unaolingana na upana wa mdomo wake ulio wazi. Kalvusi mwenye mdomo wa sentimita 1 anapaswa kumfikia kamba kwa sentimita 1 hivi kabla ya kufungua mdomo, la sivyo atameza maji matupu.

Na hapo ndipo penye utamu wa jambo hili, kwani kufika karibu hivyo kwa haraka hakuwezekani. Jaza maji ndoo, tia jani dogo lielee, kisha jaribu kulikamata kwa kusukuma kiganja upesi kuelekea lilipo. Jani hukimbia. Halikukuona, limesukumwa na maji yaliyotangulia mbele ya mkono wako. Kamba wadogo wana zaidi ya jani, kwa sababu wanauhisi mtikisiko huo na kuruka. Mwindaji anayewategemea hawa hana njia ila kusogea polepole mno, bila kuyasukuma maji. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu samaki farasi wa baharini, ambaye ni mmoja wa waogeleaji dhaifu kabisa tunaowajua, ukionyesha kwamba umbo la kichwa chake huyaacha maji yaliyo mbele ya pua yakiwa karibu tuli, naye hufanikiwa mara nyingi sana katika mawindo yake. Utafiti huo haukumhusu kalvusi, kwa hiyo nauazima kwa uangalifu. Hata ule wembamba wake una maelezo zaidi ya moja: wengine husema unamwezesha kuingia katika nyufa, wengine kwamba unamfanya asionekane akija uso kwa uso, na huenda yote mawili yana ukweli.

Nimemtazama akila mara nyingi. Hujiinamisha kidogo, kichwa chini, jicho moja likigeuka kumwelekea kamba na jingine likibaki kuangalia njia. Mapezi ya ubavuni hupigapiga kwa wepesi kama mkono unaopepea sufuria. Husogea, husimama, husogea tena. Siku moja nilihesabu sekunde 11 tangu alipokiona kipande mpaka alipofungua mdomo. Kwa kamba aliye hai ndani ya ufa, sekunde 11 ni ustadi wa hali ya juu. Kwa kipande kilichokufa, kinachoshuka katikati ya tangi penye samaki 20 wenye njaa, ni kuchelewa kwa sekunde 10.

Kwa maneno mengine, ustadi wake wote hauna soko katika tangi. Kule ziwani kamba wamo ndani ya nyufa ambazo wenye miili minene hawawezi kuingia, na hakuna wa kumharakisha. Sisi tunamwaga chakula juu, mahali pa wazi, kisichokimbia, kwa dakika 2, kisha tunafunika tangi na kwenda zetu. Wanaofaidi ni samaki kama brichardi, yule mwenye mapezi marefu aliyepewa jina kwa heshima ya Pierre Brichard, msafirishaji wa samaki wa mapambo kutoka Burundi. Brichardi hana adabu ya meza hata chembe.

Dawa iliyonifaa ilikuwa kukirudisha chakula ufani. Kwanza nawapa wenye haraka chakula cha chenga kinachoelea, kwenye kona ya mbali. Wakishakusanyika huko, nachukua bomba la sindano lisilo na sindano, lililounganishwa na mrija mgumu wa plastiki wenye urefu wa sentimita 40, nikiwa nimeshavuta humo artemia, yaani vijidudu vya jamii ya kamba vinavyoishi maji ya chumvi, au vipande vya kamba vilivyoyeyushwa barafu pamoja na maji ya tangi. Mdomo wa mrija huuweka ndani kabisa ya ufa anamokaa, kisha nasukuma taratibu, punje chache kwa wakati. Ukisukuma kwa nguvu chakula hutoka upande wa pili, na umewaalika wageni. Kisichoguswa baada ya nusu saa hukinyonya kwa mrija uleule, kwa sababu nyama inayooza ufani humwaga amonia, na maji ya ziwa hili, yenye pH ya juu, yaani yaliyo kinyume cha tindikali, huifanya amonia kuwa sumu kali zaidi.

Wapo wanaoshauri alishwe gizani. Ushauri huo unawafaa kambare wanaotembea usiku, lakini kalvusi huwinda kwa macho, hivyo giza tororo humnyima hata kile kidogo. Kwangu kilichosaidia ni kuzima taa ya tangi na kuacha ya chumba: wenye papara hutulia, naye bado anaona. Tahadhari nyingine inawahusu samaki walao mwani, kama wale wa jenasi Tropheus wa ziwa hilihili, ambao wafugaji wengi huamini huugua tumbo wakila nyama kwa wingi. Ushahidi mwingi ni wa uzoefu kuliko wa maabara, ila nimeona heri kuuheshimu, na mrija husaidia hapo pia, kwa kuwa nyama hubaki kwa mwenyewe.

Kumpima kama ananenepa, usimtazame ubavuni, maana ubavuni huonekana mpana hata akiwa na njaa. Mtazame kutoka juu, nyuma ya kichwa: mgongo ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, bado hapati chakula; ukianza kuwa na mviringo, anakula. Kwa wangu mabadiliko yalionekana katika wiki ya 3. Kufikia hapo brichardi walikuwa wameshaujua mrija, wakawa wanausubiri mlangoni mwa ufa kabla sijauchovya, nami nikalazimika kuanza kuuingiza kwa nyuma.