Mtambo wa simu wenye pande mbili: kadi haichomolewi hivihivi

Kuna imani kwamba mtambo wa kuunganisha simu wenye upande A na upande B, mmoja ukibeba simu na mwingine ukiwa akiba, hauzimiki, basi kadi mbovu (bodi ya saketi ndani ya mtambo) ichomolewe saa yoyote. Si kweli. Upande wa pili unakuokoa tu ukiwa mzima na una data zilezile za upande unaobeba simu.

Kwanza soma alamu: kadi mbovu iko upande gani? Ikiwa upande unaofanya kazi, hamisha kazi kwa amri, subiri mtambo uthibitishe, kisha itoe kadi kwenye huduma, nayo kwa amri. Ndipo uiguse. Kosa linaloua mitambo ni kuchomoa kadi isiyo mbovu ya upande wa jirani, maana A na B zinafanana kama mapacha. Hapo pande zote zimelala.

Kadi mpya ilingane na ya zamani: namba ya aina, toleo la programu, swichi ndogo za juu yake. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi (waya wa ardhini), umeme tuli wa mwilini usiiunguze kadi. Na kwa joto la Dar es Salaam, kadi iliyotoka stoo ya kiyoyozi iache kwanza ndani ya mfuko. Ukiifungua ingali baridi hushika umande.

Isukume kwa unyoofu. Pini ikipinda kwenye paneli ya nyuma, rafu nzima yaweza kufa.

Ipime, subiri inakili data za upande wa pili, ndipo uirudishe kazini kama akiba. Kadi za laini za wateja kwa kawaida hazina pacha: ukichomoa, wateja wake wanakatika.