"Msiwaguse masihi wangu" haizuii kupima mahubiri
Kwa miaka mingi, muumini anayeuliza kama alichohubiriwa kinapatana na Biblia amekuwa akinyamazishwa kwa maneno ya Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani watu waliotiwa mafuta na Mungu, kana kwamba kumpima mtumishi ni kumpinga Mungu. Ukiisoma zaburi hiyo kuanzia mstari wa 9, utaona kuwa inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni katika nchi za watu, na walioonywa ni wafalme wenye uwezo wa kuwadhuru, kama Abimeleki aliyemchukua Sara katika Mwanzo 20. Mahubiri hayatajwi hapo hata kidogo.

Agano Jipya linaagiza upimaji huo waziwazi. Katika 1 Wakorintho 14:29 manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue," maana yake kupambanua ni sehemu ya ibada yenyewe. Watu wa Beroya nao wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili wajue kama maneno ya Paulo, aliyekuwa mtume, yalikuwa kweli. Kinachopimwa ni fundisho. Kumtukana au kumsengenya mchungaji, jambo linaloumiza sana makanisa yetu, hakuna nafasi hapo.