Kusasisha nodi ya blokucheni ni kufanya nini hasa?

Nodi ni kompyuta inayotunza nakala yake ya daftari la miamala, huku ikikagua kila bloku mpya (fungu la miamala) kwa kanuni zilizomo ndani ya programu yake. Anayeisasisha hubadilisha programu hiyo, daftari haliguswi. Kwa kawaida zile gigabaiti zaidi ya 600 za Bitcoin hubaki palepale, jambo la kushukuru kwa yeyote anayenunua bando Kampala.

Bitcoin Core, programu ya nodi za Bitcoin, haijisasishi yenyewe kama programu za simu, na hilo ni la makusudi: asiwepo mtu wa kukubadilishia kanuni ukiwa umelala. Unapakua mwenyewe, unakagua saini ya faili (alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba halijachezewa), unazima nodi na kusubiri ifunge kabisa, ndipo unaweka toleo jipya. Hapo kwenye kuzima usiharakishe. Umeme ukikatika data inapoandikwa, daftari laweza kuharibika, na kulikagua upya huchukua siku kadhaa kwenye mashine dhaifu. Kwa maoni yangu, tafuta UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwanza, toleo jipya baadaye.

Matoleo yenyewe hayana uzito mmoja. Septemba 2018, toleo 0.16.3 liliziba kasoro ambayo ingemwezesha mchimbaji, yaani anayetengeneza bloku mpya, kuzalisha sarafu zisizo halali. La namna hiyo huwekwa siku ileile. Taproot, badiliko la kanuni za Bitcoin lililoanza kazi Novemba 2021, liliongeza masharti tu, hivyo nodi ya zamani bado inafuata mnyororo uleule wa bloku ingawa haiyakagui masharti hayo mapya. Ethereum, blokucheni nyingine, ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, mambo yalikuwa tofauti: asiyesasisha aliachwa nje ya mtandao ambao karibu wengine wote walihamia.

Tena jipya si lazima liwe salama. Machi 2013, toleo 0.8 la Bitcoin lilikubali bloku ambayo nodi nyingi za zamani ziliikataa. Mnyororo ukagawanyika kwa saa kadhaa, wachimbaji wakaombwa warudi 0.7.

Wengi huchanganya nodi yenye toleo lililopitwa na wakati na ile iliyokuwa nje ya mtandao. Intaneti ilipofungwa Uganda kwa takriban siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, nodi iliyokatika haikuhitaji toleo jipya. Iliporudi hewani ilihitaji tu kuvuta bloku ilizokosa, ambazo kwa Bitcoin ni kama 144 kwa siku, na kuzikagua moja baada ya nyingine.