Mng'ao hauanzii kwenye kompyuta

Msimu wa harusi ukifika, maombi studioni ni yaleyale. Mteja anafungua simu na kuonyesha picha ya msanii mwenye ngozi inayowaka, nyuma yake pazia la waridi na mawingu ya buluu yasiyowahi kuonekana angani, kisha anasema: "Kaka, niwekee hiyo filta." Mtindo huu ni mzuri na mimi naupenda. Ila mengi yanayosemwa kuuhusu, na wateja na hata mafundi wenzetu, hayako sawa.

"Ni filta tu"

Anayetajwa sana kwa picha za aina hii ni David LaChapelle, mpiga picha Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1963, ambaye msanii Andy Warhol alimpa kazi kwenye jarida la Interview miaka ya 1980. Watu hudhani kazi zake zote zimepikwa kwenye kompyuta. Kumbe sehemu kubwa hujengwa kwa mikono. Vile viwanda vya mafuta vinavyometameta kwenye mfululizo wake wa "Land Scape" wa mwaka 2013 ni vijumba vya kuundwa kwa maboksi, trei za mayai na rola za nywele, vikawashiwa taa, vikapigwa picha. Na kule Ufaransa, wasanii wawili wanaojiita Pierre et Gilles wanafanya kazi pamoja tangu 1976: Pierre anapiga picha, Gilles anaipaka rangi kwa brashi ya kweli.

Filta ya kawaida haijui shavu ni lipi na pazia ni lipi, inapaka vyote sawasawa. Usipoweka karatasi za rangi kwenye taa na pazia la kueleweka nyuma ya mtu, fundi wa kompyuta atakesha.

"Ngozi ikilainishwa ndipo hung'aa"

Hili ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko yote. Fundi anachukua uso mzima, anautia ukungu hadi matundu ya ngozi yanapotea, halafu anashangaa kwa nini uso umekuwa kama sanamu ya dukani. Jibu ni kwamba ameua kitu alichokuwa akikitafuta. Kinachomwambia mtazamaji kuwa kitu kinang'aa ni madoa madogo ya mwanga yenye ukingo mkali, yaliyozungukwa na sehemu zenye giza zaidi. Ukungu hulainisha ukingo huo, na mwanga uliokuwa umekaa juu ya mfupa wa shavu unasambaa kama poda.

Kuza picha hadi asilimia 100 uangalie paji la uso lililopigwa vizuri. Utaona nukta nyingi za mwanga, kila moja kando ya kishimo chake. Hizo ndizo mng'ao wenyewe. Kwa hiyo chunusi ziondoe mojamoja na ngozi nyingine uiache. Kisha, kwenye Photoshop, programu ya kurekebisha picha, fungua leya (tabaka linalokaa juu ya picha) ya kijivu cha asilimia 50, uiweke kwenye hali ya Soft Light ili kijivu kisionekane, uchukue brashi laini yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Kwa nyeupe pitia juu ya shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini na mfupa wa bega. Kwa nyeusi pitia chini ya shavu na pembeni mwa pua. Ni kazi ya kuchosha, na uso mmoja unaweza kula saa kadhaa. Anayekuahidi dakika mbili atakuletea ule ukungu.

Na nusu ya kazi ingeweza kumalizwa kabla ya kupiga: mafuta kidogo au glisarini kwenye ngozi, na taa ndogo iliyosogezwa pembeni.

"Ngozi nyeusi lazima iongezwe mwanga kwanza"

Hapa sina subira. Nuru inayofika usoni hurudi kwa njia mbili: nyingine huingia ndani ya ngozi na kutoka na rangi yake, nyingine hudunda juu tu na kurudi na rangi ya taa. Kwenye ngozi nyeusi ile ya kwanza ni kidogo, ya pili karibu haibadiliki. Maana yake tofauti kati ya mng'ao na ngozi inakuwa kubwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa na mtindo huu. Ukipandisha mwanga wa uso mzima, unaipunguza, na bibi harusi anatoka na uso wa majivu.

Tabia hii ina historia. Kwa miongo kadhaa maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa "Shirley", na sura yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "ngozi sahihi". Filamu imeondoka, mazoea yamebaki. Uso ukiwa na kivuli kisichosomeka, ongeza taa au ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande ule, wala usipaushe mtu.

"Rangi kali ni kuvuta Saturation hadi mwisho"

Saturation ni kitelezi cha kukoleza rangi zote kwa pamoja. Chukua gauni jekundu la satini. Kwenye JPEG, faili ya kawaida ya picha, kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukivuta sana, nyekundu inagota 255 kila mahali, mikunjo yote inayeyuka, na gauni linabaki bapa jekundu. Wakati huohuo meno na weupe wa macho vinageuka njano, ngozi inakuwa ya chungwa. Koleza rangi mojamoja, ngozi ukiwa umeifunika. Vibrance, kitelezi kingine cha kukoleza, ina afadhali kwa sababu inazionea huruma rangi zilizokwisha kukolea pamoja na za ngozi. Mara nyingi hata hivyo dawa ni kupunguza mwanga wa rangi yenyewe na kuiwekea jirani wa kuipinga: nyekundu mbele ya pazia la feruzi hukolea bila kuguswa.

Piga RAW, faili ghafi ya kamera. Ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila chaneli, na pazia lenye rangi inayofifia halitakatika vipande kama ngazi za nyumba.

"Kilichoko kwenye skrini ndicho kitakachochapwa"

Sivyo. Buluu ya umeme na kijani cha kuwaka hupoa zikifika kwenye wino. Chapa kipande cha majaribio, na kama mteja anataka mng'ao, karatasi iwe ya kung'aa, maana nyeusi yake ni nzito zaidi.

"Huu ni udanganyifu ulioletwa na Photoshop"

Photoshop ilitoka 1990, na leya zikaja 1994. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakichonga negativi kwa penseli na kupaka picha rangi kwa mkono tangu karne ya 19. Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha za wateja wake hadi zikawa za kindoto, bila kompyuta yoyote.

Kuhusu udanganyifu, Ufaransa ilitenganisha mambo vizuri: tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kunenepeshwa lazima iandikwe kuwa imeguswa. Pazia la waridi na mawingu ya buluu hayamo. Mimi nafuata hivyohivyo: mawingu nitakuwekea utakavyo, lakini kiuno cha msichana wa tangazo la sabuni kinabaki kilivyo.