Je, wajua swali la mtihani nalo hupimwa?

Mwalimu akishasahihisha mtihani wa maswali ya kuchagua, anajua mambo mawili kuhusu kila mwanafunzi: alama zake za jumla, na kama swali la 7, tuseme, alilipata au alilikosa. Alama zina ngazi nyingi, ilhali kupata na kukosa ni hali mbili tu. Utajuaje kama vinakwenda pamoja?

Aliyepata mwandikie 1, aliyekosa 0, kisha tumia kipimo kilekile cha uhusiano cha mwanatakwimu Karl Pearson kinachotumika kwa urefu na uzito, ambacho huanzia -1 hadi 1, na 0 ni kutokuwa na uhusiano. Kikitumika hivi huitwa pointi-baiserali. Hata ukiandika 9 na 5 badala ya 1 na 0, jibu halibadiliki. Ukigeuza, aliyekosa akapewa 1, inabadilika alama ya kujumlisha au kutoa tu.

Tukokotoe. Wanafunzi watatu waliopata swali hilo wana alama 60, 70 na 80. Watatu waliokosa wana 40, 50 na 60. Wastani ni 70 na 50, tofauti 20. Mkengeuko sanifu wa alama zote sita, yaani kiasi zinavyotawanyika kutoka wastani wao, ni karibu 12.9. Gawanya 20 kwa 12.9, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha sehemu ya waliopata mara sehemu ya waliokosa: nusu mara nusu ni robo, na kipeuo chake ni 0.5. Jibu ni 0.77.

Namba hiyo ni kubwa, lakini wanafunzi sita ni wachache mno. Ukiipima kwa jaribio la t, linalopima kama tofauti ya wastani mbili yaweza kuwa ya bahati tu, na ambalo hapa ni hesabu ileile kwa sura nyingine, haivuki kiwango cha kawaida cha asilimia 5, yaani bado yaweza kuwa ya bahati.

Hapo kwenye kipeuo ndipo wengi huteleza. Swali likiwa rahisi, wakalipata 9 kati ya 10, ile 0.5 inashuka kuwa 0.3, na uhusiano unaonekana mdogo hata kama tofauti ya wastani na mkengeuko ni vilevile. Tena, alama zikiwa na umbo la kengele, yaani nyingi zikikusanyika katikati na chache zikiwa pembeni, kipimo hiki hakivuki 0.8 hivi. Kwa hiyo usidharau 0.4.

Ikiwa zile hali mbili zimetokana na kukata kipimo chenye ngazi, kama kufaulu na kufeli, kuna baiserali, aliyoieleza Pearson mwaka 1909. Hiyo hukadiria uhusiano uliokuwapo kabla ya kukata, kwa sharti kwamba kipimo hicho kina umbo la kengele.

Kwa mwalimu, kabla ya kukokotoa ondoa alama ya swali lenyewe kwenye jumla, la sivyo swali linajipendelea. Na jibu likitoka chini ya sifuri, maana yake wenye alama nyingi ndio waliolikosa. Kagua kwanza mwongozo wa kusahihishia: huenda herufi iliyowekwa kama jibu sahihi siyo.