Maana ya fidia ya kukosa ndege ya kuunganisha, kwa msafiri wa Lubumbashi

Msafiri anayeondoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, kuelekea Brussels kupitia Addis Ababa hupanda ndege mbili, lakini akiwa na tiketi moja, kisheria anafanya safari moja. Dhana ya fidia ya kukosa ndege ya kuunganisha, ile ambayo tiketi za Kifaransa huiita correspondance, imejengwa juu ya jambo hilo.

Fidia hii hulipwa kwa sababu msafiri amechelewa kufika mwisho wa safari yake, si kwa sababu ndege ya kwanza imechelewa kuondoka. Ndege ya kwanza yaweza kuchelewa dakika 50 tu, ambazo peke yake hazidai malipo yoyote; lakini dakika hizo zikimfanya msafiri aikute ya pili imekwisha kuruka, akalala njiani na kufika kesho yake, zinazohesabiwa ni saa zote alizochelewa kule mwisho. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2013, na mwaka 2014 ikafafanua kwamba saa ya kufika ni ile ambayo mlango wa ndege unafunguliwa, wala si ile ambayo magurudumu yanagusa ardhi.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004. Mtu akifika amechelewa saa 3 au zaidi, hulipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Brussels na Lubumbashi zimeachana kwa zaidi ya kilomita 3,500, kwa hiyo kiwango ni euro 600, ingawa shirika la ndege linaruhusiwa kukipunguza kwa nusu ikiwa ucheleweshaji haukufika saa 4. Shirika halilipi likithibitisha kwamba chanzo kilikuwa hali isiyo ya kawaida, kama dhoruba, ambayo lisingeweza kuiepuka. Hitilafu ya kawaida ya mtambo haihesabiwi hivyo.

Sasa liko jambo ambalo mimi naliona halimtendei haki msafiri wetu. Kanuni hiyo humlinda anayeondoka Brussels kurudi Lubumbashi, hata akipanda shirika la Kiafrika, lakini anayetoka Lubumbashi kwenda Brussels hulindwa nayo pale tu anaposafirishwa na shirika la Ulaya. Mtu mmoja, njia moja, na bado haki yake hubadilika kwa kugeuka upande.

Hata hivyo hakuachwa mikono mitupu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kongo ni mwanachama wake, unalibebesha shirika hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zilizostahili. Mkataba huu hautoi kiasi maalumu kwa kila abiria: unarudisha hasara inayothibitishwa, yaani hoteli, chakula, teksi, au tiketi nyingine aliyolazimika kununua, na kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2. Bila risiti, dai lake huwa gumu sana.

Yote hayo husimama au huanguka kwa swali la tiketi moja. Aliyenunua Lubumbashi–Kinshasa kwa shirika moja, kisha Kinshasa–Brussels kwa jingine, kwa malipo mawili, ana mikataba miwili, na ikimpita ndege ya pili, kwa kawaida hakuna shirika linalodaiwa fidia ya kuikosa. Namba ya kuhifadhi nafasi inapaswa kuwa moja kwa safari nzima. Dalili nyingine iko kwenye kibandiko cha mzigo: kikiandikwa FBM (Lubumbashi), kisha ADD (Addis Ababa), kisha BRU (Brussels), mzigo umepokelewa hadi Brussels; kikiishia ADD, muulize mhudumu sababu yake papo hapo, kabla sanduku halijaondoka kwenye mizani.